Ng'ombe Aliyebadilika Rangi Sebuleni Kwangu

Katika ukoo wetu kuna imani kwamba mtu akishamaliza chuo kikuu anajua kutengeneza kitu chochote chenye waya. Mimi nilisoma fasihi. Niliandika tasnifu juu ya nafsi ya msimulizi, nikapewa shahada, nikarudi Gisenyi, mji wetu unaopakana na Goma, na tangu siku hiyo hakuna pasi iliyogoma wala redio iliyokohoa kwa ndugu zangu ambayo haikuletwa mbele yangu. Mwanzoni nilikataa. Baadaye niligundua kwamba kukataa kunanishushia hadhi kuliko kushindwa, kwa hiyo nikaanza kufungua vitu. Leo, nikiwa na mvi za kutosha kuitwa mzee na vijana wa ofisini, naweza kusema bila aibu kwamba vingi nilivyovifungua vilifungika tena.

Katika jambo moja tu niliacha kubahatisha nikawa fundi kweli, angalau machoni pangu mwenyewe: deki za diski na waya zake. Najua kwamba dunia imehamia kwenye simu. Watoto wa jirani wakiona diski huuliza kama ni kioo cha kunyolea. Lakini mimi bado nina deki, nyeusi, pana, nzito kidogo, na kabatini nina mfuko wa waya ambao mke wangu anauita kiota. Amewahi kuniambia nichague kati ya kiota na nafasi ya kuwekea mashuka. Mashuka yakahamishiwa chumba cha wageni.

Mfuko huo naujua kama wengine wanavyowajua shangazi zao. Kuna waya ya njano, ya kawaida kuliko zote. Picha nzima, mwanga na rangi zake, inapita katika uzi mmoja, kama familia nzima iliyopanda pikipiki moja, jambo ambalo polisi wetu hawaliruhusu barabarani. Inafika, lakini imebanana. Kingo zina ukungu na rangi zinamwagikiana. Kuna plagi pana kama kitana, yenye meno mengi, iliyokuja na televisheni za mitumba kutoka Ulaya kupitia Goma. Huku tunaiita peritel, na ikilegea jino moja unaweza kumaliza jioni nzima ukiibembeleza kwa kidole. Kuna ya kisasa, HDMI, nyembamba, isiyo na rangi za kuchagua. Ikikubali imekubali, ikikataa unapewa kioo cheusi na hakuna mjadala. Siipendi sana, kwa sababu haimhitaji mtu.

Ninayoipenda ni ile ya nyuzi tatu: kijani, buluu na nyekundu. Ya kijani inabeba mwanga na maumbo ya vitu. Nyingine mbili zinabeba rangi, kila moja upande wake. Picha inagawanywa kwenye deki, inasafiri kwa nafasi, inakutana tena kwenye televisheni ikiwa safi. Kando yake unachomeka mbili za sauti, nyeupe na nyekundu. Jumla ni plagi tano, na kila mgeni aliyewahi kuchungulia nyuma ya televisheni yangu alitoka akiniheshimu zaidi.

Mwaka huu heshima hiyo ilipata kazi ya kufanya.

Mama yangu ni mjane, anaishi Mudende, kule juu ambako viazi na ng'ombe vinagawana ukungu. Ng'ombe ndio anaowajua. Siku chache kabla ya mdogo wangu wa mwisho kutolewa mahari na kuolewa, Mama aliteleza kwenye mteremko wa shamba, akavunjika mguu. Mahema yalikuwa yamekwisha kukodiwa, wageni wengine walikuwa njiani, na upande wa bwana harusi, watu wa Goma, walikuwa wamejiandaa. Sisi watoto tulitaka kuahirisha. Mama akiwa kitandani hospitalini, mguu ukiwa hewani, alituambia kwamba mguu ni wake na sherehe ni ya binti yake, na hataki kusikia vikichanganywa. Sherehe ikafanyika Gisenyi bila yeye.

Wazazi wa bwana harusi na wazazi wa bibi harusi wanaitana bamwana. Bamwana wetu wa Goma, mzee mrefu mwenye sauti ya kwaya, alileta ng'ombe kama desturi inavyodai. Alikuwa amemtuma mdogo wake anayeishi Kanama, upande wetu wa mpaka, amchague sokoni. Ng'ombe akasimamishwa mbele ya mahema, akasifiwa kwa majina na mtu anayejua kazi hiyo, ngoma zikapigwa, na kesho yake akapelekwa Mudende. Kwetu, aliyepewa ng'ombe hushukuru mbele ya watu: anasema ng'ombe alifika, ni mzima, na moyo wake umeridhika. Baba mdogo alikwisha kuyasema hayo siku ile kwa niaba ya ukoo. Lakini zizi ni la Mama, na Mama alitaka shukrani hiyo aitoe kwa kinywa chake. Mpaka aitoe, kwake jambo lilikuwa halijaisha.

Alipotoka hospitali alikuja kukaa kwangu. Kabla hata ya kuzoea kitanda alidai apelekwe Mudende kumwona ng'ombe. Tulimpeleka kwa gari, akamtazama kupitia dirisha kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi siku ya mahafali. Ng'ombe alikuwa na wekundu ulioiva, rangi ya tofali lililochomwa vizuri, ile tunayoiita bihogo. Mama alirudi mjini ametulia. Bamwana naye akatuma ujumbe kwamba, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuvuka mpaka, yeye na mkewe watakuja Jumapili kumjulia hali, na wote pamoja wataangalia diski ya sherehe. Mama alikuwa ameomba diski, si video ya kutumiana kwenye simu. Alitaka kitu cha kushika.

Diski ilifika Alhamisi. Nilimwambia Mama tuijaribu kwanza, maana fundi mzuri hajaribu vitu mbele ya wakwe.

Deki ikaizungusha, ikaguna, ikaandika kwamba haioni diski yoyote. Hapo ndipo raha yangu inapoanzia. Niliitoa, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Watu wengi husugua kwa kuzunguka kama wanaoosha sahani, na ndivyo wanavyoziua. Ikagoma. Nilifungua kifuniko cha deki, nikatafuta kile kijicho kidogo kinachosoma diski, nikakigusa kwa pamba yenye spiriti, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Nikafunga. Ikasoma. Menyu ikatokea na maua yake. Mama, aliyekuwa ameketi na mguu juu ya stuli, alimwambia mke wangu kwamba mtoto huyu mikono yake ilitoka kwa upande wa baba.

Mtu mwenye busara angeishia pale. Mimi nilikuwa nimesifiwa. Nikaona haifai Mama aione harusi ya binti yake kupitia uzi mmoja wa njano, wenye ukungu. Nikaleta kiota. Televisheni yetu imekaa karibu mno na ukuta, kwa hiyo nilipiga magoti, nikaingiza mkono nyuma, simu yenye tochi nikiwa nimeishika kwa meno, nikachomeka plagi zote tano kwa kupapasa. Nikabadilisha kilichohitajika kwenye menyu ya deki. Picha ikaja, kali, kila unyasi peke yake.

Mama akaanza kuwatambua watu. Vitambaa vyeupe vya akina mama vilikuwa vyeupe kweli, mapazia ya buluu yalikuwa ya buluu. Nyuso zilikuwa na ukijani kidogo. Nikamweleza kwamba hema lilikuwa la kijani, na jua likipita kwenye turubai la kijani kila mtu anafanana na mgonjwa wa malaria. Hema lilikuwa la kijani kweli. Spika moja ilivuma. Nikamweleza kwamba jenereta ilikuwa karibu, na kweli ilikuwa karibu. Michirizi myembamba ilipita kwenye kioo watu walipozungumza. Nikasema diski imekwaruzwa, na mikwaruzo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nilikuwa na sababu ya kila kitu, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Kisha ng'ombe akaingia, na Mama akaniambia nisimamishe picha.

Kamera ilipenda viatu vya wageni kuliko ng'ombe. Kichwa chake kilizibwa na mgongo wa msifiaji, tukabaki na ubavu na nusu ya mgongo. Ubavu huo ulikuwa wa giza, rangi ya matope yaliyokaribia kuwa meusi. Mama alisogeza kiti. Alitazama hivyo kwa muda, mkono mmoja juu ya goti lenye plasta.

"Huyu si yule aliyeko kwangu," alisema.

Nilimwambia mimi nilikuwepo, nilimwona ng'ombe kwa macho yangu, alikuwa mwekundu. Akaniuliza wekundu wa namna gani. Nikasema wa kahawia hivi. Akaniuliza kahawia ya gaju, ile iliyofifia, au ya bihogo. Akaniambia, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba mimi ng'ombe namjua akiwa ndani ya kikombe. Mke wangu alileta picha za simu. Mama akazirudisha bila kuzitazama vizuri; simu za siku hizi, alisema, humtia mtu weupe ambao hakuzaliwa nao, zitashindwaje kumtia ng'ombe wekundu? Tulimpigia baba mdogo Kigali. Alisema mwekundu, tena haraka. Mama alipokata simu alisema mtu anayejibu haraka hivyo anatafuta amani.

Kwa asiyefuga, ng'ombe mwekundu aliyefika ni ng'ombe, na yuko salama, na anakula. Kwa Mama haikuwa hivyo. Majina yaliyotamkwa mbele ya watu yalitamkwa kwa ng'ombe fulani. Kama aliyesifiwa ni mweusi na aliyepelekwa ni mwekundu, basi mahali fulani kati ya mahema na Mudende kuna mtu alibadilisha, na binti yake alikuwa ameingia katika nyumba ambayo mbele ya watu inafanya hili na nyuma yao inafanya lile. Hangeweza kushukuru kwa ng'ombe wa namna hiyo. Na Jumapili walikuwa wanakuja kushukuriwa.

Siku mbili zilizobaki nilijaribu kumshawishi anyamaze. Nilizungumza vizuri, nadhani nilitumia hata maneno ya darasani. Nilimtajia ukarimu, nikamtajia utulivu wa mdogo wangu kule Goma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirekebishia kola ya shati, akasema:

"Nikinyamaza Jumapili, nitanyamaza vibaya maisha yangu yote. Acha nimuulize akiwa mbele yangu, aweze kunijibu."

Nilitoka nje kupunga upepo wa ziwa. Nilikuwa na hofu, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichonifanya nitembee nimenyooka. Najua familia ambazo zimekula pamoja miaka mingi zikiwa na ng'ombe mmoja mweusi katikati ya meza, hakuna anayemtaja. Mama hakutaka meza ya namna hiyo.

Jumapili wakafika baada ya misa, bamwana na mkewe, wakiwa wamevuka mpaka kwa miguu na kumalizia kwa pikipiki, kikapu cha mkate na mihogo mapajani mwa mama yule. Bamwana alikuwa amevaa koti la kijivu, akaja akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kusifiwa. Alimsalimia Mama kwa mikono miwili, akauliza habari ya mguu kwanza, kisha ya wazima. Mimi nilimkaribisha kwa Kiswahili changu cha shule, akacheka, akamwambia mkewe kwamba kila akinisikia anatafuta redio iko wapi. Tulikula. Mama alikuwa mkarimu kabisa, alimwekea nyama mwenyewe, na aliyemfahamu tu ndiye angeona kwamba hajalitaja neno ng'ombe hata mara moja.

Kisha diski. Nilibonyeza, tukatazama watu wakiingia, bamwana akijitafuta katika kila kundi na kujipata. Mkewe alilalamika kidogo kwamba ameonekana kijani. Nikaeleza habari ya hema. Ng'ombe akaingia. Mama hakuniambia nisimamishe. Alimgeukia mgeni wake, akamuuliza kwa Kiswahili cha Goma, maana aliishi kule miaka mingi kabla hatujarudi upande huu wa mpaka:

"Bamwana, niache niulize, usikasirike. Ngombe mulileta mbele ya watu, na ngombe ile iko kwangu Mudende, ni moja?"

Bamwana alitabasamu, akafikiri ni utani wa wakwe. Kisha akaona kwamba anatabasamu peke yake. Akatazama kioo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti. Nilimwona rangi ikimtoka, ingawa katika sebule ile siku hiyo sikuwa na haki ya kuzungumzia rangi ya mtu.

Mkewe alisema kwa sauti ndogo kwamba ile ilikuwa nyekundu. Yeye akaitikia kwamba ndiyo, ilikuwa nyekundu, aliiona asubuhi ikishuka garini. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole nani alikuwa wapi saa ngapi. Niliona mashaka yakitoka kwa Mama na kumwingia yeye, yakiwa makubwa zaidi, kwa sababu Mama alimshuku mgeni naye alikuwa anaanza kumshuku ndugu yake.

"Bon," alisema. "Mi nilimutuma mudogo yangu wa Kanama. Yeye ndiye alinunua, yeye ndiye alileta. Sasa hii nyeusi inatoka wapi? Atanieleza yeye mwenyewe, na atanieleza mbele yenu."

Akatoa simu.

Diski ilikuwa inaendelea. Hakuna aliyenikumbuka mimi na rimoti yangu. Msifiaji alimaliza, ng'ombe akaondolewa, na ngoma zikaanza. Mimi nilikuwa naangalia kioo kwa sababu nilikosa ujasiri wa kuangalia nyuso. Ngoma kubwa ikalia, na mchirizi ukapita kwenye vitambaa vyeupe vya akina mama, mwembamba, wa rangi ya waridi. Ikalia tena, mchirizi ukapita tena. Ngoma ndogo zikafuata, haraka haraka, na michirizi ikafuata, haraka haraka. Nilisimamisha picha. Yote ikatoweka. Nikaachia. Ikarudi pamoja na ngoma.

Mkwaruzo haujui kucheza ngoma. Diski iliyokwaruzwa inaharibu mahali palipokwaruzwa, haisubiri mdundo. Kama picha ilikuwa inatikisika kila sauti inapotoka, basi sauti ilikuwa imeingia mahali pa picha. Na kama sauti ilikuwa mahali pa picha, kipande cha picha kilikuwa kimekaa mahali pa sauti, na ndicho kilichokuwa kinavuma kwenye spika moja siku zote hizi, wakati mimi nikiisingizia jenereta. Nyuma ya televisheni kuna matundu mawili mekundu, moja la rangi na jingine la sauti, na mimi nilikuwa nimechomeka kwa kupapasa, tochi mdomoni, nikiwa nimetoka kusifiwa.

Nyekundu ya picha haikuwa imefika kabisa kwenye televisheni. Nyeupe haikuihitaji, ikabaki nyeupe. Buluu ikabaki buluu. Nyuso zikawa za kijani, na hema likabeba lawama. Kitu kimoja tu katika sherehe nzima kilikuwa chekundu kuanzia pembe hadi kwato, nacho ndicho kilichogeuka matope.

Nilimwomba bamwana asubiri kidogo na simu. Hakunisikia, ilikuwa inaita, na ilipoita mpaka ikachoka aliipiga tena. Mdogo wake labda alikuwa bado kanisani. Niliomba Mungu mahubiri yawe marefu, sala ambayo sijawahi kuisali kabla wala baada, nikapiga magoti kwenye sakafu nikiwa na suruali yangu ya Jumapili na kuingiza mkono nyuma ya televisheni. Mke wangu aliuliza natafuta nini huko wakati kama huu. Nilichomoa nyekundu ya kwanza niliyoigusa, mvumo ukakatika. Nikachomoa ya pili. Nikazibadilishia matundu.

Sikuona chochote, kwa kuwa nilikuwa nyuma. Nilisikia tu mama wa Goma akivuta pumzi, na ngoma zikitoka spika zote mbili, safi, bila jenereta yoyote. Nikanyoosha mkono na rimoti pembeni ya meza, nikarudisha nyuma kwa kubahatisha, mpaka niliposikia sauti ya msifiaji, nikaachia.

Wakati huohuo simu ikapokewa. Sauti ya mtu wa Kanama ilisikika sebule nzima, ya mtu aliyetoka nje ya kanisa na anaogopa amefiwa, akiuliza kaka, kuna nini.

Bamwana alikuwa anamtazama ng'ombe kwenye kioo.

"Hapana, mudogo yangu," alisema. "Nilitaka tu kukusalimia."

Yule akauliza kama ni hilo tu. Akauliza na ng'ombe hajambo?

"Iko," alisema bamwana. "Iko nyekundu."

Hakukata simu haraka. Aliuliza habari za watoto, za maharagwe, za paa lililovuja, habari ambazo nadhani hakuwa ameziuliza kwa muda. Alipomaliza, nilianza kueleza kutoka kule nilikokuwa, nikiwa nimechungulia kwa kichwa tu kando ya televisheni. Nilieleza nyekundu mbili. Nilieleza mwanga unaopita kwenye uzi wa kijani. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa mifano. Hakuna aliyenisikiliza. Ukoo wangu sasa unasimulia kwamba nilimrudishia ng'ombe rangi yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani aliyeiondoa. Nimewaacha. Historia nyingi zimeandikwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Mama alikuwa anatazama kioo. Nilimwona kupitia upenyo kati ya televisheni na pazia. Aliomba kumwona ng'ombe mara ya pili, nikarudisha. Akaomba mara ya tatu, nikarudisha. Kisha akaomba magongo yake.

Mke wangu alimwambia daktari amekataza asisimame sana. Mama alijibu kwamba hasimami sana. Alijiinua, gongo moja, gongo la pili, mguu wenye plasta ukining'inia mbele yake, na bamwana akasimama pia kwa heshima, na mkewe, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa kimesimama isipokuwa mimi, niliyekuwa bado nimepiga magoti kati ya ukuta na waya zangu. Kutoka pale ningelazimika kupita katikati yao. Nikabaki.

Kwanza alimwomba radhi. Alisema alimuuliza swali baya, na hakujificha nyuma ya deki wala ya mwanawe. Alisema macho yalikuwa yake na swali lilikuwa lake. Bamwana akataka kumkatisha, akisema yeye mwenyewe alikuwa amemfikiria vibaya mtu aliyenyonya ziwa moja naye, kwa hiyo hakuna wa kumsamehe mwenzake hapa. Mama akamwacha amalize. Halafu akahama kutoka Kiswahili, akaingia Kinyarwanda cha Mudende, kile cha zizini, ambacho hata mimi nakielewa kwa kukimbia nyuma yake.

Alisema ng'ombe alifika. Alisema ni bihogo, ana mgongo ulionyooka, anakula bila kuchagua, na ameshawazoea wenzake. Alisema aliyemchagua anajua ng'ombe, na afikishiwe salamu Kanama. Alisema binti yake ameingia katika nyumba ambayo mwenye nyumba akiulizwa, anajibu mbele ya watu. Alisema ameridhika. Aliyasema yote bila kutetereka kwenye magongo yale, mwanamke aliyevunjika mguu akichimba viazi, na sebule yangu ndogo ikawa na heshima kuliko mahema yote tuliyokodi.

Goti langu lilikuwa linawaka moto na vumbi la nyuma ya televisheni lilinitekenya pua. Sikupiga chafya. Nilikaa pale chini nikimtazama mama yangu akimaliza kazi yake kwa kinywa chake mwenyewe, na bamwana wa Goma akiinamisha kichwa kupokea kila neno. Nilimrudisha ng'ombe kwenye kioo mara ya nne, nikaona kutoka nilipokuwa mwanga wake ukipiga ukuta wa upande wa pili wa sebule, na ukuta wote ulikuwa mwekundu.